Mkono Mmoja Haulei Mwana

Maneno yaliyosemwa mbele ya walimu na waumini katika mkutano wa Jubilei



Katika kurasa nyingine za kitabu hiki mtasoma hesabu ya makanisa yaliyojengwa, ya shule zilizofunguliwa, na ya zahanati zilizoanza chini ya mwembe zikawa nyumba za mawe. Hesabu hizo ni njema, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini sisi tuliopewa kazi ya kuangalia mambo ya malezi tumeombwa kuleta habari ya namna nyingine. Haipendezi masikioni, wala haiwezi kuachwa nje ya hesabu ya nyumba. Ni habari ya watoto wanaoumizwa miilini na watu wazima wanaowalea, na jinsi hali ya maisha, yaani uhitaji, madeni, ulevi na upweke, inavyoingia katika jambo hilo.

Twajua wako watakaosema, "Haya ni mambo ya polisi na daktari." Sivyo. Mtoto huyo hakai kwa polisi wala kwa daktari. Anakaa katika nyumba iliyo jirani na zetu, anasoma katika madarasa yetu, na Jumapili huketi mbele yetu kanisani amevaa shati la mikono mirefu.

Kwanza yatupasa kujua ukubwa wa jambo lenyewe. Mwaka 2009 serikali ya Tanzania, pamoja na UNICEF na wataalamu wengine, iliwauliza vijana 3,739 wenye umri wa miaka 13 hadi 24, Bara na Zanzibar, habari za utoto wao. Majibu yakatolewa mwaka 2011. Karibu robo tatu yao, wasichana kwa wavulana, walisema kwamba kabla ya kutimiza miaka 18 walipata kupigwa makofi, ngumi, mateke au mijeledi, au kutishwa kwa silaha, na mtu mzima au mwenzi wao. Waliotajwa sana kuwa wapigaji walikuwa jamaa za nyumbani na walimu. Hawakuwa majambazi wa njiani, bali watu wale wale ambao mtoto huwakimbilia aonapo hatari.

Si kila pigo huacha jeraha, nasi hatusemi kwamba kila mzazi aliyemchapa mtoto ni mtesaji. Lakini kila jeraha lilianza kwa pigo ambalo mpigaji alidhani ni dogo. Kwa hiyo ni vema walimu na viongozi wa jumuiya wajue mambo machache ambayo madaktari wameyajua kwa kuwachunguza watoto wengi.

Mtoto anayekimbia na kucheza hujigonga mahali palipo na mfupa mbele: magoti, miundi, viwiko, paji la uso. Hayo ni ya kawaida. Bali ngozi ikivilia damu masikioni, shingoni, au kiwiliwilini kwa mtoto asiyetimiza miaka minne, ni lazima kuuliza. Tena mtoto mchanga asiyeweza hata kutambaa, atajigonga wapi? Mwaka 1999 madaktari wa Marekani walitangaza kwamba kati ya watoto wachanga 366 wasiotimiza miezi sita, walioletwa kliniki wakiwa wazima, wawili tu walikuwa na alama ya kuvilia damu. Kadhalika maji ya moto yakimwagika kwa ajali huacha alama zisizo na mpaka, zenye matone huku na huku. Bali miguu yote miwili ikiungua sawasawa kama iliyovikwa soksi, hapo pana neno la kuulizwa.

Hata hivyo twaonya: kuuliza si kuhukumu. Watoto wetu wengi huzaliwa na madoa ya rangi ya samawati mgongoni na matakoni, nayo si alama za kipigo, bali ni rangi ya ngozi inayofifia kwa miaka. Na katika nyumba ambayo mafiga yako chini sakafuni, na sufuria ya uji inachemka pale pale mtoto anapojifunza kutembea, wengi huungua pasipo kosa la mtu. Mama maskini aliyempata mtoto wake ameungua asipokewe zahanati kama mshitakiwa. Apokewe kama mama, aulizwe kwa upole, na mtoto atibiwe kwanza.

Sasa twaja kwenye kiini cha maneno yetu. Je, umaskini ndio unaowaumiza watoto? Watu hujibu kwa namna mbili, na namna zote mbili zina upungufu.

Wa kwanza husema, "Ndiyo, ni shida tu. Mtu mwenye njaa hana subira." Hao wawaangalie maskini wa vijiji vyetu. Wako wajane wasio na akiba ya debe moja la mahindi, ambao hawajapata kuinua mkono juu ya mjukuu. Kisha waangalie nyumba zenye geti na bati jipya. Mwaka 1962 daktari C. Henry Kempe na wenzake wa mji wa Denver, nchini Marekani, waliandika juu ya watoto 302 walioumizwa na walezi wao, kwa kukusanya habari kutoka hospitali 71. Katika hao 33 walikufa, na 85 wakabaki na madhara ya ubongo yasiyopona. Madaktari hao walieleza waziwazi kwamba wapigaji walikuwamo hata katika watu wenye elimu na mali. Tena mwaka 1999 madaktari wa mji huo huo walichunguza habari za watoto 173 walioumizwa vichwani. Wakaona kwamba 54 kati yao walikuwa wamekwisha kuletwa kwa daktari mapema, naye hakutambua. Na waliopitwa zaidi walikuwa watoto wa Kizungu wanaoishi na wazazi wote wawili. Daktari aliitazama familia akaona heshima, akasahau kumtazama mtoto. Watoto 15 kati ya hao 54 waliumizwa tena kabla jambo halijajulikana. Basi twajifunza kwamba mali haizuii mkono. Mara nyingi huuficha.

Wa pili husema, "Umaskini hauhusiki kabisa. Ni ubaya wa moyo tu." Nao pia hawajaona yote. Kati ya mwaka 2007 na 2009, uchumi wa Marekani ulipoanguka na watu wengi wakapoteza kazi na nyumba, madaktari wa sehemu tatu za nchi hiyo walihesabu watoto wadogo walioletwa wakiwa wameumizwa vichwani. Kabla ya msiba huo walikuwa kama 9 katika kila watoto 100,000. Wakati wa msiba wakawa karibu 15. Mioyo ya wazazi haikugeuka kuwa mibaya ghafula katika miezi ile. Kilichogeuka ni mzigo. Na tazameni upande wa pili: mwaka 2004 jimbo la California lilianza kuwalipa wazazi sehemu ya mshahara wakae nyumbani na mtoto mchanga. Wachunguzi walipolilinganisha na majimbo mengine saba yasiyofanya hivyo, waliona kwamba watoto walioletwa hospitali kwa majeraha ya kichwa ya namna hii walipungua huko.

Basi sisi twasema hivi: umaskini hauna mkono. Anayempiga mtoto ni mtu, naye atajibu mbele ya Mungu na mbele ya sheria. Lakini mzigo humchosha mtu hata mkono wake uwe mwepesi wa kupiga na mzito wa kubembeleza. Anayeulaani mkono bila kuushika mzigo amefanya nusu ya kazi. Naye anayeuhurumia mzigo bila kuuzuia mkono amemwacha mtoto peke yake.

Na mzigo huo katika nyumba zetu una sura gani? Tuutaje kwa majina yake.

Upo mwaka wa mvua haba, kahawa au pamba ikauzwa kwa bei isiyotosha hata kulipa deni la pembejeo. Baba arudi jioni na mikono mitupu, na mtoto aliyevunja kikombe siku hiyo hulipa deni lisilo lake. Ipo pombe: fedha ya ada na sabuni huishia kilabuni, na kinachorudi nyumbani ni hasira. Ipo nyumba ambamo mama hupigwa. Na mara nyingi mahali mama apigwapo na mtoto hupigwa, ama kwa mkono ule ule, ama kwa mkono wa mama aliyekosa mwingine wa kumrudishia.

Yuko binti wa miaka kumi na sita aliyezaa akakataliwa na baba wa mtoto, na pengine na wazazi wake mwenyewe, akapanga chumba kimoja mjini. Mtoto mchanga hulia zaidi mnamo mwezi wa pili, kisha kilio hupungua hata mwezi wa nne au wa tano. Asiye na mtu wa kumwambia hayo hudhani mtoto ana ukaidi, naye usiku wa manane humshika na kumtikisa kwa nguvu ili anyamaze. Kumtikisa tu, bila pigo lo lote, kwaweza kuvujisha damu ndani ya fuvu na kumwua. Na jambo hili kila bibi katika kanisa hili angaliweza kumwonya binti yule, kama angalipita mlangoni pake.

Yuko mtoto aliyeachwa na wafu akapelekwa kwa mjomba mwenye watoto sita wake mwenyewe. Yuko mtoto wa kambo. Yuko mtoto akojoaye kitandani, ambaye hupigwa kwa jambo asilolitenda kwa kutaka, kwa maana amelala. Yuko mtoto mwenye ulemavu, ambaye mama yake hawezi kwenda shamba wala kumwacha. Tena yuko msichana wa kazi katika nyumba za watu wenye uwezo, wakiwamo waumini wenzetu. Ametolewa kijijini kwa ahadi ya shule, halala mpaka wote wamelala, na huchapwa kwa mwiko kwa sababu ya wali ulioungua. Katika nyumba hiyo hakuna upungufu wa mali. Upungufu ni kwamba mtoto huyo hana mtu.

Na hili la mwisho ndilo linaloyafunga yote pamoja. Mizigo hii ni mizito, lakini inakuwa ya kuua hasa inapobebwa peke yake. Wazee wetu walilijua jambo hili waliposema kwamba mkono mmoja haulei mwana. Zamani mtoto alipolia usiku, palikuwa na bibi, shangazi na mke wa mjomba ua mmoja. Sasa pana mlango uliofungwa kwa komeo, na jirani anayeongeza sauti ya redio.

Twajua methali nyingine zitaletwa mbele yetu kuitetea fimbo. Husemwa, "Samaki mkunje angali mbichi." Ni kweli; lakini mvuvi humkunja samaki mbichi kwa sababu akunjika kwa mkono laini, wala hatumii rungu. Husemwa, "Mchelea mwana kulia hulia yeye." Nayo ni kweli: mzazi asiogope kumkataza mwana wake, wala kumnyima kitu, wala kumpa kazi ya adhabu. Methali yasema juu ya kilio, haikutaja damu. Wengine hutaja fimbo ya Maandiko. Nasi twawakumbusha kwamba mchungaji wa nchi ile alichukua fimbo ili kuwafukuza mbwa mwitu na kuwaongoza kondoo njiani. Mchungaji aliyewavunja kondoo miguu angalifukuzwa kazi.

Sasa twasema na walimu. Fimbo katika shule ina historia ndefu, katika shule za misheni kama katika shule za serikali, na wengi walioelimika kwayo huiheshimu. Lakini hata pale sheria iliporuhusu, iliweka mipaka. Kanuni za Tanzania za mwaka 1979 ziliruhusu viboko visivyozidi sita, na mwaka 2002 vikapunguzwa kuwa vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyempa ruhusa, na kila adhabu iandikwe katika kitabu. Ni wangapi hukitafuta kitabu hicho kabla ya kuichukua fimbo? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilikataza mateso na adhabu za kikatili, ikasema adhabu isiyolingana na umri na hali ya mtoto haina haki. Majirani zetu wa Kenya waliifuta fimbo shuleni mwaka 2001, na Uganda wakaikataza kwa sheria mwaka 2016. Na mwaka 2018, mkoani Kagera, mwanafunzi wa shule ya msingi alikufa baada ya kupigwa na mwalimu akishutumiwa wizi. Nchi nzima ilisikia. Hakuna mwalimu aamkaye asubuhi akikusudia jambo kama hilo. Ndiyo maana kila mmoja aogope kuianza njia iendayo huko.

Nasi hatusahau mzigo wa mwalimu. Darasa lenye watoto themanini au mia, vitabu vichache, nyumba ya kupanga iliyo mbali, mshahara unaokwisha kabla ya mwezi: mtu huyo naye amechoka, na fimbo humwonekea kuwa njia fupi. Lakini imeonekana kwamba njia nyingine iko, hata katika shule zisizo tajiri. Katika wilaya ya Luwero, nchini Uganda, shule 42 za msingi ziligawanywa sehemu mbili. Sehemu moja ikafuata mpango wa shirika la Raising Voices la Kampala: walimu, wanafunzi na wazazi walikaa pamoja wakaweka kanuni za shule, wakajifunza adhabu zisizo za kupiga, wakawasifu hadharani walimu na watoto wanaotenda vema. Baada ya miezi kumi na minane, katika shule zilizongoja, watoto 49 katika kila 100 walisema wamepigwa na mtumishi wa shule juma lililopita. Katika shule zilizofuata mpango walikuwa 31. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2015. Hatusemi 31 ni wachache, bado ni wengi mno. Lakini mpango huo haukujenga madarasa mapya wala kuongeza mishahara. Ulibadili tu jinsi watu wazima wa shule ile walivyokaa pamoja.

Basi tufanye nini? Tunaleta maombi manne kwa kila parokia.

La kwanza, kila jumuiya ndogo ijue nyumba zake zenye mzigo: binti aliyezaa peke yake, mjane mwenye wajukuu, mzazi wa mtoto mlemavu, mtu aliyepoteza kazi. Isingoje kilio. Ipange zamu ya kumpokea mtoto nusu siku ili mama apumzike au aende sokoni. Saa nne za usingizi kwa mama aliyechoka zaweza kuwa ulinzi wa mtoto kuliko mahubiri kumi.

La pili, vikundi vyetu vya kuweka na kukopa visiwe vya wenye uwezo tu. Kiwepo kisanduku cha shida, kidogo, kitolewacho haraka na bila aibu, kwa ajili ya njaa ya mwezi mmoja, au dawa, au kodi ya chumba.

La tatu, akina baba wafundishwe malezi, si akina mama peke yao. Mafundisho ya ndoa na ya ubatizo yawe na saa moja ya kueleza kilio cha mtoto mchanga, hatari ya kumtikisa, na ruhusa hii: mzazi aonapo hasira inampanda, amlaze mtoto chali mahali salama, atoke nje, apumue, amwite jirani. Huko si kumtupa mtoto, ni kumwokoa.

La nne, tusifiche. Sheria ya mwaka 2009 yampa kila mtu ajuaye kwamba mtoto anaonewa wajibu wa kuarifu serikali ya mahali pake. Yuko afisa wa ustawi wa jamii, liko Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi, na iko namba 116 ya simu ya kumsaidia mtoto. Mtoto aliyeumizwa apelekwe kutibiwa kwanza. Kisha jambo lisimalizwe kwa mbuzi na debe la pombe kati ya wazee wa pande mbili, hali mtoto anarudishwa kwa mkono ule ule. Na mpigaji akiwa mtu mkubwa wa parokia, mfadhili, katekista au mwalimu mkuu, sheria ni ile ile. Heshima yake isitufumbe macho, kama ilivyowafumba wale madaktari.

Ndugu zetu, neno hili Jubilei, katika sheria ya kale, lilikuwa mwaka wa kufungua mizigo: mashamba yaliyouzwa yalirudi kwa wenyewe na mtumwa alirudi kwa jamaa zake. Halikuwa neno la ngoma na nguo mpya peke yake. Tukitaka kuishika Jubilei yetu kwa kweli, tutafute mizigo iliyo juu ya vichwa vya majirani zetu, tuipunguze, kabla haijawaangukia watoto. Kazi hiyo haingoji fedha ya ng'ambo, wala amri ya Askofu. Jumapili hii, baada ya ibada, kabla hamjatawanyika, viongozi wa kila jumuiya wakae robo saa chini ya mti, wataje nyumba tatu, na wakubaliane nani atabisha hodi wapi kesho.

Mungu awabariki, nanyi mwende kwa amani.